Mita ya Simu Haiko Mkononi Mwako

Kibanda changu kipo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Ninauza vocha, ninasajili laini na kutengeneza simu. Kwa siku sipiti bila kuulizwa swali moja: salio langu limekwenda wapi? Wapo wanaouliza kwa upole, wapo wanaouliza wakiwa wamevimba kana kwamba mimi ndiye niliyelichukua.

Aliyenifanya niandike haya ni mama mmoja anayeuza migebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika. Alinunua bando la GB 1 saa mbili usiku, akaweka simu kwenye chaji, akalala. Alfajiri hata picha ya mjukuu haikufunguka. Akaja kibandani, akanishika mkono: "Mwanangu, mimi nililala. Simu nayo ilikuwa inaongea na nani?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Simu kweli ilikuwa inaongea, na kila ilichosema kiliandikwa mahali. Shida ni kwamba mahali penyewe wateja wengi hatupajui, kwa hiyo tukilalamika tunalalamika hewani. Nitajaribu kupaeleza.

Anza na LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana kila mtu anaijua. Unanunua uniti, unaingiza namba, mita iliyo kwako inahesabu kushuka. Ukiwa na shaka unakwenda kuitazama: taa imezimwa, namba zimesimama. Simu nayo watu wanaichukulia hivyo hivyo, kwamba salio limo ndani ya laini. Halimo. Ukiivunja laini vipande viwili salio lako lipo palepale, ndiyo maana ukifanyiwa "swap", yaani ukipewa laini mpya yenye namba yako ileile, unalikuta. Kilichomo kwenye laini ni utambulisho tu: namba ya siri ya mitambo yenye tarakimu hadi 15, ambayo kwa laini zote za Tanzania huanza na 640. Burundi ni 642, Kongo ni 630. Zishike hizo namba, tutazirudia. Salio lenyewe liko kwenye kompyuta za kampuni, mbali na mnara unaouona pale mlimani, na mita inayohesabu iko hukohuko.

Sasa fuata simu moja. Umebonyeza kumpigia mtu wa Kasulu. Mnara unapokea ombi lako na kulipeleka kwenye mtambo mkuu wa kuunganisha simu, ule ambao mafundi wanauita swichi. Kabla swichi haijamtafuta mtu wa Kasulu, inauliza kwanza mfumo wa salio: huyu anacho cha kulipia? Mfumo unatazama kama una kifurushi cha dakika, kama huna unatazama salio la kawaida, kisha unajibu. Lakini haujibu "ndiyo" halafu ukaketi kusubiri umalize maongezi. Unatenga fungu. Chukua mfano: una shilingi 500, na bei ni shilingi 2 kwa sekunde. Mfumo unaweza kutenga shilingi 120 na kuiambia swichi, mruhusu sekunde 60, zikikaribia kwisha rudi uombe tena. Swichi inarudi, inapewa fungu la pili, la tatu. Ukikata simu katikati ya fungu, sekunde ambazo hukuzitumia zinarudishwa kwenye salio. Yote haya hufanyika haraka kiasi kwamba sikio halisikii kitu.

Hapo ndipo penye jibu la jambo linalowatatiza wengi. Ukitazama salio wakati mtu mwingine anatumia intaneti kwenye simu yako, au mara tu baada ya simu kukatika vibaya, unaweza kukuta limepungua kuliko inavyostahili. Mara nyingi ni fungu lililotengwa ambalo bado halijarudishwa, kwa sababu mawasiliano kati ya swichi na mfumo wa salio yalikatika na mfumo unasubiri muda wake upite kabla ya kulifungua. Subiri kidogo, tazama tena. Likiwa halijarudi, hapo una hoja.

Na bipu je? Kuhesabu kwa pesa huanza pale simu inapopokelewa, siyo inapoita. Ishara ya "imepokelewa" ndiyo inayowasha saa. Bipu haina ishara hiyo, basi haina bei, ingawa mtandao umefanya kazi yote ya kumtafuta mtu na kumuitia simu. Watu wetu waligundua zamani kwamba sehemu hiyo ya kazi hailipiwi, wakaitumia kuambiana "nimefika", "nipigie", "chakula tayari". Mitambo mingi hata hivyo huandika jaribio hilo. Bipu yako imo kwenye daftari, na sekunde zake ni sifuri.

Daftari hilo ndilo moyo wa jambo zima. Kila huduma ikiisha, mtambo ulioihudumia unaandika rekodi. Rekodi ya simu ya kawaida inabeba namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, ule utambulisho wa laini, utambulisho wa kifaa chenyewe, mnara uliokuhudumia simu ilipoanza, saa ya kuanza hadi sekunde, urefu wa maongezi, na sababu ya kufungwa: mpigaji alikata, mawasiliano yalipotea, au salio lilikwisha. Watu hawajui kama hiyo sababu ya kufungwa ipo, na mimi naiona ndiyo yenye manufaa kuliko zote kwa mwenye malalamiko. Ukisema simu ilikatika yenyewe na pesa ikaenda, kuna sehemu maalumu ya kutazama.

Simu ndefu hazisubiriwi hadi ziishe. Mtambo unaweza kufunga rekodi moja katikati na kufungua nyingine ya kuendelea, ili hitilafu ikitokea isipotee hesabu yote. Intaneti ni zaidi, kwa sababu simu yako inaweza kubaki imeunganishwa tangu asubuhi hadi usiku. Ukipanda treni hapa Kigoma ukaelekea Tabora huku simu iko mfukoni na data imewashwa, ukipita Uvinza, Kaliua na Urambo, safari hiyo moja inaweza kuacha mlolongo wa rekodi ndogondogo, kila moja ikifungwa kwa sababu ya muda, au kiasi cha data, au kubadilika kwa eneo. Baadaye lazima ziunganishwe kwa mpangilio kama kurasa za daftari lililochanika.

Kazi ya kuziunganisha ina mtambo wake, na kwa maoni yangu ndipo mahali nyeti kuliko pote, ingawa mteja haoni hata kivuli chake. Ukienda mwaloni Kibirizi asubuhi dagaa wanaposhushwa utaelewa upesi. Kila mtumbwi unaleta mzigo kivyake: huyu kwa ndoo, huyu kwa beseni, huyu kwenye gunia, mwingine kachanganya na mchanga. Lazima awepo karani wa kupima kwa kipimo kimoja, kutoa takataka, kuangalia kwamba ndoo iliyoandikwa haiandikwi tena, na kujua mtumbwi gani haujaleta mzigo. Mitambo ya simu iko vilevile. Swichi ya maongezi ina namna yake ya kuandika, mtambo wa ujumbe una yake, lango la intaneti lina yake, na pengine vimetengenezwa na kampuni tofauti. Karani huyu wa kielektroniki anapokea mafaili kutoka kote, anayatafsiri yawe na sura moja, anatupa yasiyolipiwa, anaunganisha vipande, na anatafuta marudio.

Marudio ndiyo hatari. Faili likitumwa, njia ikakatika kabla ya jibu la "nimepokea", mtambo utalituma tena. Karani asipogundua, mtu anaandikiwa simu moja mara mbili. Anagundua kwa kulinganisha: namba zilezile, sekunde ileile ya kuanza, namba ileile ya mfuatano. Upande wa pili kuna upotevu, yaani rekodi ambayo haikufika kabisa, na hasara yake ni ya kampuni. Ndiyo maana mafaili hupewa namba za mfuatano. Likija la 4,117 na kufuatiwa na la 4,119, mtu anatumwa kutafuta la 4,118. Na zile rekodi zilizoharibika, zenye namba isiyojulikana au saa isiyowezekana, huwekwa pembeni zikingoja binadamu azikague.

Rekodi safi ndiyo inayopewa bei. Kwa mteja wa malipo ya kabla, bei imeshakatwa wakati wa kuongea, kwa hiyo rekodi inakuwa ushahidi na njia ya kulinganisha. Kwa ofisi zenye mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi, rekodi hizo ndizo zinazojumlishwa kuwa ankara. Kodi imo humohumo. Kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, ushuru wa bidhaa asilimia 17 na VAT asilimia 18 juu yake, katika kila shilingi 1,000 unayolipa kampuni inabakiwa na kama shilingi 724. Wateja wangu wengi wakisikia hivyo hunyamaza kidogo.

Rekodi zinafanya kazi nyingine pia, kulipana wenyewe kwa wenyewe. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule wa pili kwa kila dakika uliyopokelewa, na kila upande unalinganisha daftari lake na la mwenzake. Bei hiyo huelekezwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, ikateremshwa kila mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Mtu aliyezoea kubeba laini tatu ili ampigie kila ndugu kwa mtandao wake atakumbuka jinsi vifurushi vya "mitandao yote" vilivyozidi kuwa vya kawaida. Serikali nayo ina jicho lake tangu 2013, mfumo wa kusimamia mawasiliano ya simu unaojulikana kwa kifupi TTMS, ili isitegemee hesabu za kampuni peke yake.

Ujumbe mfupi unaonekana mwepesi, lakini una mtego unaowahusu Waswahili hasa. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, kwa sharti kwamba herufi zote zimo kwenye orodha fupi iliyokubaliwa zamani. Ukiingiza alama moja tu isiyo kwenye orodha, ujumbe wote unabadilishiwa mtindo wa kuandikwa, na nafasi inashuka hadi 70. Vikaragosi vya kucheka na kulia havimo kwenye orodha. Vilevile haimo ile alama ya juu iliyopinda ambayo baadhi ya simu za siku hizi huiweka zenyewe unapoandika ng'ombe, ng'ambo au kung'oa. Alama iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Mfanyabiashara wa mifugo akiandika herufi 150 kueleza bei, na neno "ng'ombe" limo na alama imepinda, ujumbe wake unakatwa vipande vitatu, kwa kuwa ukigawanywa kila kipande kinabeba herufi 67 tu. Anakatwa SMS tatu huku anaona ametuma moja. Nimewabadilishia watu kadhaa kibodi kwa ajili ya hilo.

Turudi kwa mama wa migebuka. Kwenye intaneti mita iko kwenye lango, pale mtandao wa kampuni unapokutana na intaneti ya dunia. Lango linahesabu kila kinachopita kuja kwako na kila kinachotoka kwako. Watu wengi wanahesabu wanachofungua na kusahau wanachotuma. Nilifungua mipangilio ya simu ya mama, sehemu ya matumizi ya data, nikamwonyesha jina lililokuwa juu kabisa: programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Wiki hiyo kundi la familia lilikuwa limemjazia video za harusi ya mwanawe. Simu ilipopata chaji ya kutosha na bando jipya, ikaanza kuzipandisha zote, moja baada ya moja, yeye akiwa amelala. Akazitazama zile video kwenye orodha, akasema, "Kumbe harusi yenyewe ndiyo iliyokula."

Hata hivyo hesabu ya simu na hesabu ya kampuni hazilingani sawasawa, na tofauti hiyo si lazima iwe wizi. Lango linahesabu data kabla haijafika kwenye mnara wako. Ikipotea hewani kwa sababu mawimbi ni dhaifu, wakati mwingine inabidi itumwe tena kutoka ilikotoka, na hapo lango linaihesabu tena. Kwenye vijiji vya kando ya ziwa vilivyojificha nyuma ya milima hilo linaonekana wazi. Pia kuna suala la kipimo chenyewe: wapo wanaohesabu GB kuwa baiti 1,000,000,000, wapo wanaohesabu 1,073,741,824. Tofauti ni kama asilimia 7, na kwa mtu anayenunua bando kila siku asilimia 7 ni pesa. Ningependa kila tangazo la kifurushi liseme linatumia kipimo kipi.

Data nayo inatolewa kwa mafungu kama sekunde za maongezi, na lango linaripoti fungu likikaribia kwisha au muda ukipita. Ndiyo maana salio la bando unalosoma katikati ya video huwa nyuma ya ukweli, na ujumbe wa tahadhari wakati mwingine unaingia umechelewa. Kanuni za vifurushi za TCRA za mwaka 2021, zilizotolewa baada ya malalamiko mengi, zilitaka mteja aarifiwe matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na kwamba bando likiisha asihamishiwe kwenye bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Ridhaa hiyo huwa ni kitufe kimoja kwenye menyu. Wengi walikibonyeza siku moja wakiwa na haraka, wakasahau.

Sehemu kubwa iliyobaki ya "salio limeliwa" ninayoletewa kibandani ni mkopo wa salio uliokatwa vocha ilipoingia, au huduma ya ujumbe wa kulipia ambayo mtoto alijiunga nayo. Yote mawili yana rekodi zenye saa na jina la huduma. Uliza kwa jina.

Jambo moja zito lazima niliseme. Rekodi hizi zinaonyesha ulimpigia nani, saa ngapi, ukiwa karibu na mnara gani. Ukizipanga za mwezi mzima unaujua usingizi wa mtu, biashara yake na anaowapenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki juu ya taarifa zako, na inamzuia aliyezishika kuzitumia atakavyo. Mume anayekuja kibandani kuniomba nimtolee orodha ya simu za mkewe simsaidii, na sitamsaidia.

Na sasa zile namba 640 na 642, maana sisi wa Kigoma tunaishi ukingoni. Nilipanda boti pale Kibirizi kwenda Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, kupeleka simu nilizozitengeneza. Tuliondoka saa saba mchana. Njiani mteja akanipigia, tukaongea dakika kama sita kuhusu kioo cha simu yake. Nilipofika, salio langu lote lilikuwa limekwisha, wakati mimi ndiye niliyepigiwa.

Niliporudi mjini nilipiga 100. Dada wa huduma kwa wateja akanieleza kwa utaratibu: simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa Burundi, aliyenipigia alilipa bei ya kawaida ya Tanzania, na kipande cha kuitoa simu nchini na kuifikisha Burundi kilikuwa juu yangu. Mtandao wa Burundi, wenye 642, uliandika rekodi yake, ukaona laini yangu inaanza na 640, ukaituma huku kwa muundo ambao mitandao ya dunia imekubaliana, ili ulipwe. Hapo nikamwelewa. Kisha akanisomea saa: saa nane na dakika 20 mchana. Nikamwambia haiwezekani. Saa nane na dakika 20 tulikuwa hata hifadhi ya Gombe hatujafika, mawimbi ya mnara wa Kigoma yalikuwa yamejaa, na rekodi hiyo ni ya mtu mwingine. Akarudia kusoma, akaona ileile. Tukabishana, mimi nikiwa na uhakika wangu na yeye na wa kwake.

Akaniomba nisubiri. Aliporudi alikuwa ameuliza fundi, na fundi alimwonyesha sehemu ndogo iliyo pembeni ya saa kwenye rekodi: jumlisha 2. Burundi wako saa mbili mbele ya saa ya dunia, sisi tuko tatu. Rekodi iliyoandikwa kwao inabeba saa yao. Saa nane na dakika 20 ya Burundi ni saa tisa na dakika 20 ya Kigoma, na saa tisa na dakika 20 tulikuwa tumeshaipita Gombe, tunashusha abiria Mwamgongo. Nilikumbuka hata kwamba nilipokuwa naongea mzee aliyekaa pembeni yangu aliniuliza saa, nikatazama simu na kumtajia, naye akatazama jua na kuniambia simu yako iko nyuma.

Pesa sikurudishiwa, na haikustahili kurudishwa. Safari za Kagunga bado naenda. Boti ikishaiacha Gombe nafungua mipangilio, nauchagua mtandao wangu kwa mkono na kuzima roming, yaani ruhusa ya kushika mtandao wa nje, kisha natazama saa kwenye kioo. Ikirudi nyuma saa nzima, najua simu yangu imeshavuka kabla yangu.